Kupiga Filamu Ndani ya KICC, Nairobi: Hatua kwa Hatua

KICC, Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, ilikamilika mwaka 1973, kazi ya wasanifu Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Mnara wa mita 105, ukumbi wenye paa lililochongoka kama la nyumba ya msonge, kuta za rangi ya udongo: kamera hulipenda jumba hili. Kazi nyingi humo huharibikia kwenye umeme, sauti na muda, kwa hiyo maandalizi yako yaelekee huko.

Hatua ya 1: Vibali

Leseni ya kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya (KFCB), chini ya Sura ya 222 ya sheria. Waandaaji kutoka nje ya nchi hupitia wakala wa filamu aliyesajiliwa nchini. Leseni hiyo haikufungulii mlango wa jengo. Mkataba na uongozi wa KICC ni jambo jingine kabisa. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Kumbuka pia kwamba Bunge ni jirani: ukitaka kupiga picha kutoka juu, andika wazi kamera itaelekea wapi, la sivyo askari watakusimamisha katikati ya kazi wakiwa na haki yote.

Hatua ya 2: Kagua siku na saa ileile

Kama utapiga Jumanne saa nne asubuhi, kagua Jumanne saa nne asubuhi. Ukumbi uliokuwa kimya Jumapili unaweza kuwa na mkutano upande wa pili wa ukuta. Pima lifti ya mizigo kwa futi ya utepe: mlango, kina, na uzito unaoruhusiwa. Kwa picha za nje, kumbuka Nairobi iko kusini kidogo tu mwa Ikweta: Julai jua la mchana hukaa upande wa kaskazini na kuacha uso wa kusini kivulini, Desemba huwa kinyume. Julai pia huwa na mawingu mengi, mwanga laini unaofaa nyuso za watu lakini unaofifisha rangi ya kuta.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa usikisie. Soketi ya volti 240 yenye plagi ya ampea 13 inabeba wati 3,120 kwa hesabu. Kwa taa zinazowaka saa nyingi, ishia 2,500. Tatizo ni kwamba soketi za ukuta mmoja mara nyingi hushiriki saketi moja. Taa mbili za wati 2,000 zinawaka vizuri, kisha mhudumu anachomeka birika la chai la wati 2,000 soketi ya tatu: jumla ni ampea 25, na kama saketi ni ya ampea 20, swichi inaweza kuruka na taa zako zikazimika. Mwombe fundi umeme wa jengo akuonyeshe saketi zote kwenye boksi la swichi, kisha zigawe taa kwa saketi tofauti. Eksitensheni ya kuviringisha ikunjue yote hata kama unahitaji mita tano tu. Ikiwa imeviringwa, joto halina pa kutokea na plastiki ya waya inayeyuka.

Hatua ya 4: Mwanga

Umeme wetu ni hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Tumia fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/50. Ukilazimika kupiga fremu 24, bado weka shata 1/50, si 1/48, ama mistari itatembea kwenye picha. Taa za LED za bei nafuu zikipunguzwa nguvu hupepesa kwa kasi yake zenyewe. Ziache ziwake kikamilifu. Rekodi sekunde kumi, uangalie kwenye skrini kubwa, kwani kioo kidogo cha kamera huficha kasoro hiyo.

Penye madirisha makubwa, zima taa za dari na utumie LED za kelvini 5,600, yaani zenye rangi ya mwanga wa mchana. Ni nafuu kuliko kubandika karatasi za rangi kwenye vioo vyote.

Hatua ya 5: Sauti

Piga kofi moja ukumbini. Ukisikia mkia wa sauti zaidi ya sekunde moja, tundika mablanketi mazito kwenye stendi pande zote mbili za msemaji na nyuma ya kamera. Maikrofoni ya kifuani ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kiyoyozi ndicho adui mkubwa: kubaliana mapema na fundi nani atakizima, kisha subiri, maana feni huendelea kuzunguka kwa muda. Rekodi sekunde 60 za ukimya wa ukumbi katika hali ileile utakayopigia. Bila hizo, mhariri hana cha kuzibia mapengo.

Hatua ya 6: Sakafu na usalama

Mashine ya moshi huamsha ving'ora. King'amuzi cha moshi huzimwa na wahusika wa jengo tu, na mtu akae hapo akiangalia hadi kiwashwe tena. Milango ya dharura usiizibe hata kwa dakika tano.

Miguu ya stendi ivalishe mipira ya tenisi iliyochanjwa. Chini ya reli za kamera tandika plaiwudi ya milimita 12. Tumia tepu ya kitambaa, uibandue polepole ukiilaza karibu na sakafu. Ya kufungia maboksi huacha gundi. Piga picha za kila sakafu kabla ya kushusha mizigo, na meneja wa zamu asaini baada ya kukagua nawe ukumbi mtupu. Saini hiyo ndiyo utetezi wako siku ya kudai amana.