Kabla ya Kulipia Mbio, Tafuta Sababu Yako

Msimu wa korosho ukiingia, mimi nashinda ghalani kwenye mizani mpaka gunia la mwisho liandikwe. Jioni miguu inataka mkeka tu. Kwa hiyo anayeniuliza hamu ya kukimbia mbio ndefu naitoa wapi, namwambia kwamba siku nyingi hamu sina. Nina sababu, nawe tafuta hiyo kwanza.

Chukua daftari uandike kwa nini unataka kukimbia. Ukishajibu, liulize jibu lako "kwa nini?" tena na tena. Nataka medali. Kwa nini? Nipige picha. Kwa nini? Wale wa mtaani waone. Hapo tulia kidogo, maana wale wa mtaani hawatakuwepo kilomita ya 30, pale akiba ya wanga mwilini inapokaribia kwisha na miguu inagoma. Sababu yangu mimi ni kwamba baba alianza kuumwa sukari akiwa na umri huu nilio nao. Si ya kuchapisha kwenye fulana, lakini saa kumi na moja alfajiri inaniamsha.

Kisha ijaribu. Kwa sisi wa Mtwara, usiende Shangani ufukweni, pale kuna upepo na wenzio, kila mtu anakimbia vizuri. Shika barabara ya Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini, peke yako, bila muziki, kwa mwendo ambao ungeweza kupiga soga. Toka mapema kabla jua halijawa kali, ubebe maji. Ukifika, jiulize kama una moyo wa kurudi kwa miguu. Kama kila ukifika macho yanatafuta bodaboda, fungua daftari upya.

Kuhusu kuchagua mbio, tazama kalenda ya huku kwetu. Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Maana yake mazoezi mazito yanaangukia kwenye msimu wa korosho wenyewe, na miaka hii Ramadhani nayo imekuwa ikija karibu na tarehe za mbio zenyewe. Mkulima wa Newala au Tandahimba anayejiandikisha kilomita 42 kwa tarehe hizo anajitafutia hasira za bure. Akimbie 21, au angojee mbio za katikati ya mwaka, kabla mavuno ya korosho hayajaanza. Ukishaamua, lipia mapema na nauli uitenge kabisa, kwani Mtwara hadi Dar tu ni zaidi ya kilomita 500, na Moshi bado iko mbele. Ukishatoa hela, kujidanganya kunapungua.

Siku ya uvivu, vaa viatu utoke dakika kumi. Zikiisha na bado hutaki, rudi ulale, hakuna wa kukusema. Mara nyingi hutarudi.

Ila kuchoka na kuumia ni mambo mawili. Watu hupenda kumtaja John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu aliyeanguka kwenye marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akamaliza wa mwisho goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Mzee namheshimu mno. Lakini yule alikuwa kwenye Olimpiki na jezi ya taifa. Wewe uko mazoezini njia ya Naliendele, tena Jumanne. Goti likichoma, simama, panda gari.

Mimi ananivuta zaidi Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu. Alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, akaendelea kukimbia, na dhahabu ikaja Tokyo 2025, miaka minane baadaye, tena kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Siku hizi watoto wakiniona barabarani wananiita Simbu, na mwendo wangu wanauona!

Mwisho, tafuta mtu wa kukuuliza. Najua nimesema macho ya watu hayatoshi, na hayatoshi kweli, ila kwa kuamka yanasaidia. Wangu ni mama muuza vitumbua anayewasha jiko kabla sijapita. Nisipotokea, kesho yake hata shikamoo haijaisha mdomoni: "Jana hukupita, mwanangu, unaumwa?" Mchague mtu ambaye yuko macho saa hizo kwa shughuli zake mwenyewe, asiamke kwa ajili yako. Na ukimaliza kukimbia, nunua vitumbua kwa hela taslimu, usimkope.