Namna ya Kuandaa Utafiti wa Kompyuta Utakaofika Kwenye Kikao cha Madiwani

Tafiti nyingi za kompyuta zinazofanywa na wanafunzi wetu hapa Mwanza huanza na programu, kisha mwenye programu huzunguka akitafuta tatizo la kuibandika. Mwongozo huu unapendekeza njia ya kinyume. Anza na uamuzi mmoja ambao mtu fulani huufanya mara kwa mara, utafute kikao chenye mamlaka ya kubadili mazingira ya uamuzi huo, na kazi ya kompyuta iwekwe katikati ya hayo mawili, tena iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Mfano utakaotumika hapa ni tahadhari ya dhoruba kwa wavuvi wa dagaa.

Mfano huo umechaguliwa kwa sababu sayansi yake inaeleweka. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa huku maji yakiwa bado na joto, upepo hugeuka, na hewa inayotoka pande zote za ufuo hukutana juu ya ziwa, hupanda na kuzaa mawingu ya radi yanayopiga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Dagaa nao huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza, kwa kuwa mbalamwezi hushindana na taa. Saa za hatari na saa za riziki ni zilezile, na ndiyo maana kumwambia mvuvi asiingie ziwani usiku si ushauri wa maana.

Kabla ya kufungua kompyuta, nenda ukakae mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapotokea na kurudi, kuanzia alasiri, iwe Igombe, Kayenze au kwingineko, uone nani hasa anaamua mtumbwi utoke. Mara nyingi utagundua kwamba neno la mwisho ni la tajiri mwenye mtumbwi na injini, ambaye huenda yuko mjini na anaagiza kwa simu, wakati watakaolowa ni nahodha na vibarua wake. Ukiligundua hilo mapema, swali la utafiti hubadilika. Badala ya kuuliza kama kompyuta inaweza kutabiri dhoruba, utauliza ni taarifa gani, ikifika kwa nani na saa ngapi, inaweza kumfanya tajiri aahirishe safari au nahodha arudi mapema. Swali la pili ni gumu kidogo kulijibu, lakini ndilo lenye sera ndani yake.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Barua ya chuo hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka halmashauri, ikafika kwa mtendaji wa kata na hatimaye kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika. Usiruke ngazi hata kama unafahamiana na mwenyekiti.

Sehemu inayoharibu kazi nyingi, ikiwamo yangu, ni saa. Mvuvi akikuambia kwamba dhoruba iliwakuta saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, anamaanisha saa ambayo kompyuta huiandika 03:00 ya Jumatatu. Msaidizi wa utafiti aliyechoka ataandika "9:00, Jumapili". Taarifa za satelaiti na za modeli za hali ya hewa, kwa upande wake, hutumia saa za kimataifa ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, kwa hiyo dhoruba hiyo hiyo kule imeandikwa 00:00. Ukizioanisha taarifa hizi bila kuzisawazisha, dhoruba ya usiku itaangukia mchana wa jana yake, na modeli yako, yaani programu unayoifundisha kutabiri dhoruba kwa taarifa hizo, itajifunza upuuzi kwa bidii kubwa. Nilipoteza wiki kadhaa nikilaumu modeli kabla ya kulirudia daftari la mwaloni. Dawa yake ni rahisi: andika kauli ya mvuvi kama alivyoitamka katika safu moja, pamoja na maneno "usiku wa kuamkia", na katika safu ya pili uweke saa iliyogeuzwa, ili kosa likitokea liweze kufuatiliwa hadi chanzo chake.

Kosa la pili ni kupima modeli kwa kipimo kinachoipendeza. Chukua, kwa mfano tu, siku 100 za uvuvi ambazo kati yake 10 zilikuwa na dhoruba usiku. Programu inayotangaza kila jioni kwamba ziwa litatulia itakuwa sahihi kwa asilimia 90 na haitamsaidia mtu yeyote. Programu nyingine inayotoa tahadhari 20, nane zikatimia, kumi na mbili zikawa za bure, na dhoruba mbili zikaipita, itakuwa sahihi kwa asilimia 86 pekee. Ingawa tarakimu yake ni ndogo, hiyo ndiyo yenye manufaa. Kwa sababu hiyo, ripoti yako itaje kando kando tahadhari zilizotimia, tahadhari za bure na dhoruba zilizokosa kutangazwa. Kisha zirudishe tarakimu hizo mwaloni uulize: mko tayari kulala nyumbani siku 12 bila sababu ili mziepuke dhoruba nane? Jibu litategemea bei ya petroli, deni la tajiri na msimu, na hakuna modeli itakayolijua jibu hilo kwa niaba yao.

Utoaji wa tahadhari wenyewe si kazi yako. Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ya mwaka 2019 imeikabidhi jukumu hilo TMA, ambayo pia ina rada ya hali ya hewa hapa Mwanza. Mtafiti anayetuma utabiri wake mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi anavuruga mfumo anaodai kuusaidia. Unachoweza kukifanyia utafiti kihalali ni safari ya ujumbe: unachelewa wapi, unaeleweka vipi, na unafika kwenye simu ya aina gani. Wavuvi wengi hubeba simu ya kitochi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa hiyo ujumbe mfupi au menyu inayofunguka bila intaneti itafika mahali ambapo programu ya simu janja haifiki. Jaribu maneno pia. "Uwezekano wa asilimia 60 wa mvua za radi" huwaacha watu wakitazamana. "Usiku wa leo kuanzia saa 6 upepo mkali na mawimbi makubwa, rudini kabla ya saa 5" huanzisha mjadala wa papo hapo, na mjadala huo ndio unaoutaka.

Jihadhari na taarifa za mahali mtumbwi ulipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa kila anayekusanya namba za simu na nyendo za watu. Mbali na sheria, mvuvi ana hofu zake mbili zilizo halali: jirani asijue maeneo yake ya kuvulia, na ramani yako isije ikawa kielelezo katika msako wa nyavu haramu. Ikiwa utafiti unaweza kujibiwa kwa kujua mwalo aliotokea na saa aliyorudi, usikusanye zaidi ya hapo.

Mwishoni andika waraka wa kurasa mbili, si tasnifu. Utaje tatizo, ushahidi, gharama, fungu la fedha na ofisi itakayowajibika. Pendekezo liwe dogo na la kutekelezeka: kwa mfano, katibu wa BMU apokee tahadhari kila alasiri na kupandisha bendera nyekundu, na sheria ndogo izuie mtumbwi usio na majaketi ya kujiokolea kutoka siku ambayo bendera imepanda. Manispaa ya Ilemela na Jiji la Mwanza hutunga sheria ndogo chini ya Sura ya 288, yaani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), wakati Ukerewe na Sengerema hutumia Sura ya 287, ile ya Mamlaka za Wilaya, kwa hiyo waraka mmoja hautoshi kote bila marekebisho. Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, Bunge la bajeti huanza kukaa Aprili, na halmashauri huwa zimekwisha kupitisha makadirio yao kabla ya hapo. Pendekezo linalofika Machi limewakuta watu wamekwisha nawa mikono. Lengo liwe kuufikisha waraka kwenye kamati ya maendeleo ya kata ifikapo Oktoba, ukiambatana na daftari la mwaloni lenye safu zake mbili za saa, maana diwani anayetoka kwenye jamii ya wavuvi atalisoma hilo kabla ya kuugusa mchoro wako wowote.