Kabla ya Kuhamia Windows 11: Mambo ya Kuzingatia kwa Saiba na Ofisi Ndogo za Kisumu na Jirani Zake

Windows 10 ilitoka mwezi Julai mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikakoma kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo wala faili iliyopotea, na ndiyo maana watu wengi katika maduka na ofisi za Kisumu, Kakamega na Bungoma waliendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna lililotokea. Lililotokea ni kwamba kasoro ikigunduliwa sasa katika mfumo huo haizibwi tena, ila kwa aliyejiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada nitakaoutaja baadaye. Kwa mtu anayeandika barua zake nyumbani hatari hiyo huja polepole, lakini kwa saiba (duka la huduma za kompyuta na intaneti) ya Kondele ambayo kutwa nzima hupokea flashi za wateja na kufungua akaunti zao za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na za KRA, mamlaka ya kodi, si jambo la kuahirishwa. Maelezo haya yamekusudiwa wenye kompyuta chache wanaotaka kuhamia Windows 11, ambao hawana idara ya teknolojia ya kuwaamulia, na ambao fundi wao huitwa pale tu mambo yanapoharibika.

La kwanza halihusu kompyuta yenyewe. Chukua daftari uorodheshe kazi zote ambazo kila mashine hufanya kwa mwaka mzima. Kazi za kila siku, kama vile kuchapa, kutuma barua pepe na kuchapisha, zitajidhihirisha saa ileile ya kwanza baada ya kuhama, na zikikataa zitatatuliwa papo hapo kwa kuwa kila mtu anazihitaji. Zinazoleta taabu ni zile zinazofanywa mara moja au mara tatu kwa mwaka: karani wa shule anayetoa ripoti za wanafunzi mwisho wa muhula kwa programu iliyowekwa na mwalimu aliyekwisha kupata uhamisho, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo anayefunga hesabu mwezi Desemba, mwenye saiba anayefurikwa na watu wa marejesho ya kodi kuelekea tarehe 30 Juni. Programu za namna hiyo hazikumbukwi mpaka siku yake ifike. Andika jina la programu, toleo lake, mahali ulipo ufunguo wa leseni, na nani anayeifahamu. Ikiwa hapana anayeifahamu, andika hivyo hivyo, kwa maana hiyo ndiyo itakayojaribiwa kabla ya nyingine zote.

Ukiwa na orodha hiyo, chunguza umri wa programu zenyewe. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 na la biti 64, yaani kiasi cha data ambacho kompyuta hushughulikia kwa mkupuo mmoja, lakini Windows 11 ina la biti 64 pekee. Programu nyingi za biti 32 huendelea kufanya kazi bila shida, ila zile kongwe za biti 16 hazifunguki kabisa, na draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia vifaa kama printa) zilizoandikwa kwa mfumo wa biti 32 hazikubaliki. Ofisi iliyokuwa bado inatumia Internet Explorer kwa tovuti fulani ya zamani itaikosa, ingawa kivinjari cha Edge kina hali maalumu ya kufungua tovuti za aina hiyo, na hali hiyo huwashwa katika mipangilio yake. Jambo jingine ambalo husahaulika ni kwamba Office 2016 na Office 2019 zilikoma kupata masasisho siku ileile ya Windows 10, kwa hiyo aliyehama mfumo na kubaki na Office hizo amehama nusu.

Printa inastahili siku yake peke yake. Katika saiba, printa ndiyo duka. Mteja aliyesimama kaunta hajali mfumo wala toleo, anataka karatasi yake. Kabla ya kugusa lolote, soma modeli iliyoandikwa mbele ya printa, ingia katika tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, na utafute draiva ya Windows 11 ya modeli hiyohiyo, kisha uipakue na kuihifadhi kwenye flashi. Usiridhike na draiva ambayo mfumo hujichagulia wenyewe, kwa sababu mara nyingi hiyo huchapisha tu na kuacha kando skana, usafishaji wa hedi (kichwa cha kuchapishia) na upimaji wa wino. Fanya vivyo hivyo kwa skana, mashine ya risiti na kifaa cha alama za vidole, kama kipo.

Sasa tuje kwenye mashine. Masharti ya Windows 11 yaliyochapishwa ni RAM (kumbukumbu ya kazi) isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, uwezo wa kuwaka kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta) pamoja na Secure Boot (ulinzi wa hatua ya kuwaka), chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyomo katika orodha ya Microsoft. Hayo mawili ya kwanza ni kiwango cha chini kwelikweli. Kwa maoni yangu, mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka itawaka, lakini atakayeitumia atachoka kabla ya saa nne asubuhi. Ongeza RAM ifike 8 na uweke SSD, diski isiyozunguka, kwanza, ndipo ufikirie mfumo. TPM hukaguliwa kwa urahisi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na usome namba ya toleo chini ya dirisha litakalofunguka. Ikielezwa kwamba haipo, usikate tamaa upesi, kwa kuwa katika kompyuta nyingi imo lakini imezimwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Microsoft pia hutoa bure programu iitwayo PC Health Check, ambayo hueleza ni sharti gani limetimia na lipi halijatimia.

Kinachowakwaza watu wa kwetu zaidi ni prosesa, kwa sababu kompyuta nyingi zinazouzwa Kisumu na Nakuru ni zile zilizotumika ng'ambo, eks-UK kama wauzaji wanavyoziita. Kwa upande wa Intel, Windows 11 kwa jumla huanzia kizazi cha 8, na kwa AMD huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Kizazi husomwa katika jina la prosesa: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ni ya kizazi cha 8, na i5-10210U ni ya kizazi cha 10. HP EliteBook 840 G3 kwa kawaida ina prosesa ya kizazi cha 6, hivyo haimo. 840 G5 nyingi zina kizazi cha 8, lakini zipo zenye cha 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo usinunue kwa jina la modeli. Mwombe muuzaji aiwashe, bofya kulia kwenye alama ya kompyuta hii, fungua sifa zake, na usome jina la prosesa kwa macho yako mwenyewe. Tena kuiona Windows 11 ikiwaka dukani hakuthibitishi lolote, kwani ziko njia za kuisakinisha kwa kuruka masharti, na fundi mwepesi wa mikono huzijua. Mashine iliyowekewa mfumo hivyo hufanya kazi, lakini Microsoft imesema wazi kwamba haina haki ya kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu ya kuhama.

Kabla ya usakinishaji, hifadhi nakala ya kila faili muhimu kwenye diski ya nje, kisha uichomoe na kufungua baadhi ya faili hizo kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu. Kumbuka pia alamisho na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, fonti ulizoongeza, violezo vya barua na vyeti, na barua pepe zilizomo ndani ya Outlook, ambazo mara nyingi hazikai katika folda ya nyaraka wanayoinakili watu wengi.

Pamoja na nakala, tafuta ufunguo wa usimbaji wa diski, yaani kuzifunga data zake zisisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi za sasa husimba diski zenyewe kwa BitLocker, na mtu anapobadilisha mipangilio ya BIOS, kama vile kuwasha TPM au Secure Boot, mashine inaweza kukataa kuwaka mpaka ipewe ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa wakati kompyuta ilipoandaliwa. Hapa ndipo penye mtego kwa aliyenunua mashine iliyotumika: ikiwa muuzaji aliiandaa kwa akaunti yake, ufunguo uko kwake, na huenda ulinunua kwake Eldoret mwaka juzi na namba yake haipatikani tena. Ingia katika mipangilio ya akaunti uangalie ni barua pepe ya nani iliyomo. Ikiwa si yako, ondoa usimbaji wakati mashine ingali inawaka, weka akaunti yako, kisha usimbe upya na kuandika ufunguo kwenye karatasi inayokaa mbali na kompyuta hiyo. Nasisitiza karatasi kwa sababu faili iliyofungiwa ndani ya diski haiwezi kuifungua diski hiyo.

Toleo la Home, likisakinishwa upya, hudai intaneti na akaunti ya Microsoft katika hatua za mwanzo. Ofisi iamue mapema ni akaunti gani itakayotumika, na isiwe ya kijana wa mafunzo atakayeondoka mwezi ujao. Baada ya hapo mfumo unaweza kuanza kupeleka folda za nyaraka na picha kwenye OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, ambayo bure hutoa gigabaiti 5 pekee. Kwa anayetumia bando, kazi hiyo ya chinichini humaliza data kabla mtu hajajua imeanza, basi izime mpaka utakapoamua mwenyewe unachotaka kihifadhiwe huko.

Kuhusu data, usakinishaji huhitaji kupakua gigabaiti kadhaa kwa kila mashine, na mwenye mashine sita hana sababu ya kupakua mara sita. Tumia chombo cha Microsoft cha kutengenezea flashi ya usakinishaji, chenye kuhitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Pakua mara moja mahali penye waifai nzuri, kisha zungusha flashi hiyo. Kwa eneo la ziwa, ambako ngurumo na mvua huja zaidi alasiri na jioni, anza kazi asubuhi, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) iazimiwe moja kwa siku hiyo. Umeme ukikatika katikati, mfumo hujaribu kurudi ulikokuwa, lakini usiitegemee bahati hiyo kwa mashine yenye hesabu za watu.

Kuchagua tarehe kuna hesabu yake. Ukihama juu ya mfumo uliopo bila kufuta diski, Windows 11 hukuruhusu kurudi Windows 10 ndani ya siku 10, kwa kuwa mfumo wa zamani huwekwa kando katika folda ya Windows.old. Baada ya hapo folda hiyo hufutwa, na ukiifuta mwenyewe mapema ili kupata nafasi, umejifungia mlango. Wengi huchagua kipindi kilichotulia, na ni kweli kwamba si busara kuhama wiki ya mwisho ya Juni, lakini siku kumi zisizo na kazi nzito hazikuonyeshi chochote. Kwa ofisi inayowasilisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20 na kuandaa mishahara mwisho wa mwezi, naona tarehe 21 au 22 inafaa sana: makataa yamepita, na mishahara itaandaliwa ungali na nafasi ya kurudi nyuma. Zile kazi za mara moja kwa mwaka ulizoziandika daftarini zifanyiwe jaribio la kuigiza katika siku hizohizo, hadi karatasi itoke kwenye printa.

Anza na mashine moja, wala isiwe ya mkuu wa ofisi. Atakayeitumia aambiwe kwanza yasiyobadilika: Ctrl pamoja na C bado inanakili, kitufe cha Windows pamoja na E bado kinafungua faili. Kisha aonyeshwe mambo machache yatakayomkera. Vitufe vya chini ya skrini vimekaa katikati, na vinaweza kurudishwa kushoto kwa mipangilio. Mchapaji aliyezoea kuona jina la kila hati chini ya skrini atakuta zimekusanywa katika alama moja; tangu masasisho ya mwaka 2023 inawezekana kuzitenganisha tena. Bofyo la kulia kwenye faili huleta orodha fupi, ambamo kukata, kunakili na kubandika vimefanywa vialama vidogo vya juu au chini ya orodha, na mkono uliozoea neno la tatu kutoka juu utakosea mara nyingi. Orodha ya zamani ipo bado: chagua faili, kisha bonyeza Shift pamoja na F10. Kikaratasi chenye mambo hayo, kikibandikwa kando ya skrini, husaidia kuliko mafunzo ya nusu siku.

Kwa mashine zisizotimiza masharti, mpango wa masasisho ya ziada uliotangazwa kwa watumiaji wa kawaida unafika 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayekubali mipangilio yake ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft. Mashirika yana mpango wao wa kulipia kwa mwaka, usiozidi miaka mitatu. Kompyuta inayotumika kwa kivinjari na barua tu inaweza kuwekewa Linux Mint, mfumo mwingine usio wa Microsoft, na ikadumu miaka mingine, mradi mfumo huo uwashwe kwanza kutoka kwenye flashi na printa ijaribiwe kabla ya kusakinisha. Na ile inayobakizwa kwa ajili ya programu moja kongwe isiyo na mbadala iondolewe waifai na kebo ya mtandao, isifunguliwe akaunti ya mteja yeyote, na flashi inayoingia humo ipitie kwanza kwenye mashine yenye kinga iliyosasishwa.