Kubadili pikapu za besi na spika za boksi: anza na boksi

Kama noti za chini za besi yako hazieleweki, zinatoka kama mtu anakohoa ndani ya pipa, usikimbilie kununua pikapu, vile vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi. Mimi nilikimbilia. Hela niliyolipwa kupiga kwenye harusi mbili za Mbezi, Dar es Salaam, iliishia kwenye pikapu mpya, nikazifunga usiku kucha, kesho yake ukumbini mlio ukawa uleule. Gitaa halikuwa na kosa. Ndani ya boksi langu la spika mbili za inchi 10, koili ya moja, ule waya uliosukwa unaoitikisa spika, ilikuwa imeungua, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nalaumu nyuzi, vidole na mwisho pikapu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chukua besi yako ukaichomeke kwenye amplifaya na boksi la mwenzako unayemwamini, kisha gitaa lake ulichomeke kwako. Pigeni kitu kilekile. Dakika 5 hizo zitakuonyesha ugonjwa uko upande gani.

Boksi

Zima amplifaya, chomoa waya, toa wavu wa mbele. Panga vidole vitano kuzunguka kile kikofia cha katikati ya spika, kisha sukuma karatasi ya spika, ile sehemu inayotikisika, ndani taratibu, sawasawa pande zote. Spika nzima inaingia na kurudi kimya. Iliyoungua inakwaruza, na mkwaruzo huo utausikia kwenye vidole kabla ya masikio. Ukiitoa na kuinusa kwa nyuma, karibu na sumaku, utakutana na harufu ya vanishi iliyoungua. Ukiinusa mara moja hutaisahau.

Halafu weka mita ya umeme kwenye ohmu, kipimo cha ukinzani. Spika ya ohmu 8 husoma kama 5.5 hadi 7. Usishtuke: mita inapima waya wa koili tu, na ile 8 ni kiwango cha spika ikiwa inalia. Ikisoma chini sana, au isiposoma kitu kabisa, hiyo imekufa.

Hapa kwenye ohmu ndipo watu wengi wanapoua amplifaya. Spika mbili za ohmu 8 zikiungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona ohmu 4. Zikiungwa kwa mfululizo inaona 16. Geuza amplifaya yako usome nyuma kiwango cha chini kabisa. Nyingi za transista zimeandikwa 4. Fundi mmoja aliwahi kuniwekea spika ya ohmu 4 pembeni ya ile ya 8, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo dukani. Sambamba hizo zinatoa kama 2.7. Saa 4 usiku, maharusi wanaingia ukumbini, amplifaya ikachemka ikajizima. Wimbo ule ulikwisha kwa ngoma na solo peke yake, mimi nimeshika gitaa lisilolia mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo nabadilisha spika zote mbili kwa pamoja, za aina moja na ohmu moja.

Usiweke spika ya gitaa la solo kwenye boksi la besi. Uzi wa E wa besi unalia Hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, na B ya besi ya nyuzi 5 inashuka hadi 31. Kwa noti hizo karatasi inatembea mbele na nyuma safari ndefu ambayo spika ya solo haikuundwa kuistahimili, itapasuka. Tafuta iliyoandikwa ni ya besi, na uombe karatasi ya vipimo vyake. Vipimo vinavyoitwa Thiele-Small, kwa majina ya wahandisi wawili waliofanya kazi hiyo Australia, ndivyo vinavyokuambia kama spika itaelewana na ukubwa wa boksi lako. Kwa boksi lenye tundu la hewa, mimi huangalia Qts, ambayo ni namba ya jinsi spika inavyojizuia isiendelee kutikisika, iwe kati ya 0.3 na 0.4 hivi, na Xmax, ambayo ni umbali koili inaoweza kusafiri, iwe kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Wati za kuhesabu ni zile za RMS, yaani zile spika inazobeba mfululizo. Spika yenye sumaku ndogo kama kikombe cha kahawa lakini imeandikwa wati 1000, irudishe rafuni.

Kama spika ya zamani ilikuwa nzuri, na sumaku na fremu yake bado nzima, usiitupe. Mafundi wa Kariakoo wanasuka koili na kubandika karatasi mpya. Sisitiza tu karatasi iwe ya uzito uleule. Nyepesi itabadili sauti.

Kufunga si kazi kubwa. Pima tundu na kina cha boksi kabla ya kununua, bandika utepe wa sponji kuzunguka mdomo ili hewa isivuje, na kaza skrubu kwa kurukaruka, moja huku na nyingine upande wa pili, usizunguke kwa mpangilio. Kuhusu chanya na hasi usikisie. Chukua betri ya volti 9, gusisha chanya yake kwenye alama nyekundu ya spika na hasi kwenye mguu wa pili, sekunde moja tu: karatasi inatakiwa iruke mbele. Fanya hivyo kwa zote mbili. Moja ikienda mbele na nyingine ikirudi nyuma, zinakulana, na besi inapotea hata ukifungua sauti yote.

Gitaa

Boksi likishakuwa zima na bado huridhiki, sasa fungua gitaa. Sisi wa pwani tuanze na kutu: chumvi ya hewani na jasho vinakula potensiometa, yaani vizungushio vya volyumu na toni. Ukizungusha ikakwaruza, pulizia dawa ya kusafishia umeme, zungusha mara 30, usikilize tena. Huenda ndiyo hiyo tu.

Langu ni la aina ya Jazz, ule muundo kampuni ya Fender walioutoa 1960, lenye pikapu mbili za koili mojamoja. Pima urefu kabla ya kuagiza, maana kwenye nyingi ya upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, ni ndefu kidogo kuliko ya upande wa shingo. Nunua mbili kama seti. Za seti huwa zimesukwa kinyume, moja kwa nyingine, ndiyo maana volyumu zote mbili zikiwa juu ule mvumo wa umeme unakatika.

Piga picha nyaya zote kwa simu. Legeza nyuzi, fungua kibati cha volyumu, toa pikapu za zamani. Pasi ya kuchomelea ya wati 40 inatosha. Pasha kiungo, kisha ndipo uguse risasi ya kuchomelea, sekunde 2 au 3. Waya wa sauti unakwenda kwenye mguu wa volyumu, wa ardhi mgongoni mwa potensiometa. Hakikisha ule waya mwembamba unaotoka chini ya daraja haujakatika. Ukikatika, gitaa litavuma kwa namna ambayo hata kushika nyuzi hakuizimi.

Kabla ya kufunga, chomeka kwenye amplifaya, sauti ndogo, gonga kila pikapu kwa ncha ya bisibisi. Ikijibu "tok", iko hai. Fungua volyumu zote mbili: sauti ikiwa nyembamba, badilishana nyaya mbili za pikapu moja.

Kimo ndicho kinachobeba kazi yote. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, acha kama milimita 3 kati ya uzi wa E na pikapu, na 2.5 upande wa G. Sumaku ikikaribia mno inauvuta uzi, noti inayumba. Kwetu seben, kile kipande cha kuchezesha watu, ikianza na solo likapanda juu, kila noti ya besi inapaswa kusikika peke yake, kwa hiyo mimi huipandisha pikapu ya darajani juu kidogo kuliko ya shingoni.

Ukifunga boksi kwa mara ya mwisho, andika ndani kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, ohmu za kila spika, na rangi ya waya wa chanya. Fundi atakayelifungua baada yako atasoma hapo.