CD mbovu iweke kwenye boti

Unayevua au kusafiri kwa boti ndogo, CD mbovu usiitupe: ni kioo cha kuombea msaada, na lile tundu la katikati ndilo la kulengea. Elekeza upande unaong'aa kwenye chombo unachotaka kikuone, chungulia tunduni, kisha nyoosha mkono wa pili na ukiweke chombo katikati ya vidole viwili ulivyovipanua. Inamisha CD taratibu mpaka mwanga wa jua uangukie vidole hivyo. Hapo mmweko unakifikia. Chezesha kidogo, usichoke. Kioo halisi kinaishinda, maana CD hutawanya sehemu ya mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua. Mawingu yakitanda, au jua likiwa chini mgongoni kwako, haisaidii. Usiku, tochi. CD itunze ndani ya soksi, isichubuke.