Namna ya kulinda taarifa za wahojiwa katika utafiti wa vijijini Mtwara na Lindi

Mtafiti anayekwenda kuhoji watu Tandahimba, Newala au Ruangwa hufundishwa mapema kuficha majina. Hilo ni jema, lakini halitoshi, kwa sababu kijijini mtu hutambulikana pia kwa cheo, ukoo, sauti na mahali shamba lake lilipo. Mwongozo huu ni kwa watafiti na wadadisi wanaouliza mambo yanayoweza kumletea mhojiwa madhara yakijulikana: kangomba (ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, ambao Serikali imeupiga marufuku), migogoro ya vyama vya msingi vya ushirika, fidia ya ardhi kwenye maeneo ya miradi ya gesi, afya au unyago.

Hatua ya kwanza: punguza maswali kabla ya kuondoka ofisini

Pitia dodoso na ujiulize, kwa kila swali, jibu lake litatumika wapi katika uchambuzi. Namba ya kitambulisho cha taifa, jina la ukoo na majira ya nukta ya nyumba (GPS) mara nyingi huwekwa kwa mazoea tu, na taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuvuja. Ukitafiti kangomba, uliza bei na sababu za kuuza, usiulize jina la mnunuzi. Katika msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wauzaji walihakikiwa ili kuwabaini waliozipata kwa kangomba. Anayekumbuka uhakiki ule ana sababu ya kuogopa daftari lako.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa amweleze mhusika madhumuni yake na asizitumie kwa jambo jingine. Taarifa nyeti, kama zile za afya, zina masharti makali zaidi, ikiwemo ridhaa ya maandishi.

Hatua ya pili: ingia kwa adabu, lakini linda faragha

Barua ya utambulisho hushuka kutoka mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji, ambaye kwa ukarimu wake huenda akajitolea kukuchagulia wahojiwa au kuketi nawe wakati wa mahojiano. Mjibu kwa heshima: "Mheshimiwa mtendaji, tunashukuru sana kwa mapokezi. Tunaomba turuhusiwe kuzungumza na kila mmoja peke yake, kwa kuwa ndivyo tunavyowaahidi." Ukihitaji mkalimani wa Kimakonde au Kimwera, mtafute kutoka kata nyingine, kwa maana mkalimani mwenyeji ni jirani au shemeji wa mtu.

Hatua ya tatu: omba ridhaa kwa maneno yanayoeleweka

"Bibi, naomba nirekodi mazungumzo haya. Atakayesikiliza ni mimi na mwenzangu mmoja. Swali usilolipenda uliache, na ukibadili mawazo tutasimama hapo hapo." Fomu yenye jina au dole gumba ihifadhiwe kwenye bahasha ya peke yake, mbali na daftari la mahojiano.

Hatua ya nne: tumia msimbo

Mpe kila mhojiwa msimbo usiobeba herufi za jina lake wala za kijiji chake. Orodha inayounganisha misimbo na majina ikae kwenye kifaa tofauti, kwa nywila, chini ya mtu mmoja.

Hatua ya tano: dhibiti simu na kishikwambi

Rekodi kwa kifaa cha mradi. Kabla ya kuanza, zima uhifadhi wa mtandaoni unaojiendesha wenyewe, kwa sababu sauti inaweza kupanda kwenye hifadhi iliyo nje ya nchi pasipo wewe kujua, na sheria ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje. Usitume rekodi kwenye kundi la WhatsApp la timu hata kama msimamizi ana haraka, kwani kila simu iliyomo kundini huweza kubaki na nakala. Kwa dodoso la KoboToolbox au ODK (programu za kujazia majibu kwenye simu au kishikwambi), washa usimbaji fiche wa fomu, ili asiye na ufunguo asiweze kuyasoma majibu.

Kwa maoni yangu, karatasi inayosahaulika kuliko zote ni ile ambayo wahojiwa husaini wanapopokea posho. Humo mna jina, namba ya simu na sahihi, chini ya kichwa chenye mada ya utafiti, nayo huzunguka kwa wahasibu bila ulinzi wowote. Kubaliana na mhasibu mapema kwamba kichwa kitaje namba ya mradi tu.

Hatua ya sita: safisha unukuzi (mahojiano yaliyoandikwa kutoka kwenye sauti)

Kazi kubwa iko hapa. Tuchukue maneno haya ya mfano: "Mimi ndiye mwanamke pekee kwenye bodi ya chama chetu, marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, na mwaka ule niliuza kwa kangomba ili mwanangu aende chuo cha ualimu." Hakuna jina hata moja, lakini kijiji kizima kinamjua. Huwezi kubaki na jinsia na cheo kwa pamoja, hivyo chagua kimoja kulingana na hoja yako. Kama hoja ni uongozi wa ushirika, andika: "Mjumbe mmoja wa bodi alieleza kwamba aliuza kwa kangomba ili kulipia masomo ya mtoto." Kama hoja ni wajane, taja ujane na uache bodi. Lori na chuo cha ualimu viondoke katika hali zote mbili.

Hatua ya saba: mrejesho na ufutaji

Muda wa kutunza sauti uandikwe kwenye itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, tangu mwanzo. Muda huo ukifika, futa sauti kwenye kifaa, kadi ya kumbukumbu, flashi na kompyuta ya mnukuzi. Kabla ya mkutano wa mrejesho kijijini, zisome nukuu zote kwa sauti pamoja na mwenzako anayewafahamu wahojiwa, na ile ambayo majirani wangeitambua kwa namna ya usemaji tu iondoeni, hata kama ndiyo inayobeba ripoti.