Koni mbinuko kwa vikombe vya korosho na karanga

Wanafunzi wangu hapa Mtwara wakisikia "koni" huchora umbo la pia yenye kitako cha duara. Iweke kando kwanza. Koni tunayoitafuta, koni mbinuko (kwa Kiingereza convex cone), ni seti ya vekta, yaani mishale inayoanzia sifuri, na tutaichora kwenye karatasi ya grafu.

Hatua ya 1: Chora mishale miwili. Mhimili wa x uwe vikombe vya korosho zilizobanguliwa, y vikombe vya karanga. Muuzaji ana ndoo za michanganyiko miwili: (2, 1) na (1, 3). Chora mishale yake kutoka sifuri.

Hatua ya 2: Zidisha. Seti ni koni iwapo vekta yake yoyote, ukiizidisha kwa namba yoyote isiyo hasi, inabaki ndani. Mishale yako sasa ni miale miwili isiyo na mwisho. Hiyo tayari ni koni, ila bado si mbinuko; hatua ya 3 inaeleza kwa nini.

Hatua ya 3: Jumlisha. Tulia hapa, maana ndipo wengi wanapojikwaa. (2, 1) + (1, 3) = (3, 4), nukta iliyo kati ya miale, wala haiko juu ya wowote. Koni ni mbinuko pale jumla ya vekta zake zozote mbili inapobaki ndani. Lakini si tulijifunza kwamba mbinuko maana yake ni mstari unaounganisha nukta mbili kubaki ndani? Ni jambo lilelile. Ziite nukta hizo mbili u na v: nukta yoyote ya mstari huo ni t·u + (1 − t)·v, t ikiwa kati ya 0 na 1. Vipande vyote viwili vimo kwa hatua ya 2, na jumla yao imo kwa hatua ya 3. Basi jaza nafasi yote kati ya miale.

Hatua ya 4: Pima nukta. (5, 5) imo: 2(2, 1) + 1(1, 3). Je, (4, 1)? Utapata 11/5 ya mchanganyiko wa kwanza na −2/5 ya wa pili. Karanga zikishachanganywa hazichomoki. Nukta iko nje.

Hatua ya 5: Andika mipaka. Eneo lako ni x ≤ 2y pamoja na y ≤ 3x. Kila sharti peke yake ni nusu ya bapa, yaani upande mmoja wa mstari unaopita sifuri, nayo pia ni koni mbinuko. Makutano ya koni mbinuko siku zote ni koni mbinuko. Muungano wake hauna uhakika huo, kama miale ilivyoonyesha.

Sasa soma mpaka wa pili kama biashara: 3x − y ≥ 0. Ukipata faida ya 3 kwa kikombe cha korosho na hasara ya 1 kwa cha karanga, hakuna mchanganyiko wowote wa ndoo hizo utakaokutia hasara. Faida zote zenye sifa hiyo, yaani (p, q), p kwa kikombe cha korosho na q kwa cha karanga (hasara ikiwa namba hasi), zinazotimiza 2p + q ≥ 0 na p + 3q ≥ 0, zinaunda koni mbinuko nyingine. Ichore kwenye karatasi hiyohiyo.